Sindano, Sufu na Kofia Ndefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sanaa ya Wanawake wa Welisi

Nikitaja kwamba nafuatilia sanaa ya Welisi, watu kwanza hunikazia macho, halafu yanakuja maswali, na karibu kila mara ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Yenye nyama nimeyakalia, yasiyo na nyama nimeyapita.

Hii ni sanaa ya namna gani?

Ni kazi za wasanii wa leo, wengi wao wanawake, wanaochukua ufundi uliokuwa ukifanywa na mama na bibi zao nyumbani: kushona mifarishi (yale mablanketi mazito ya matabaka), kufuma sufu, kutengeneza mazulia ya matambara, na yale mavazi ya kale. Wanautumia kuuliza habari za mwanamke: mwili wake, kazi zake, heshima anayodaiwa, na lile jina lake ambalo halikuandikwa popote. Si kundi lenye katiba na mwenyekiti. Mmoja anatumia nywele, mwingine waya, mwingine rangi za mafuta. Wote wamerudi kwenye sanduku la nguo la bibi, na hawakutoka humo na kumbukumbu tamu peke yake.

Welisi ndiyo wapi? Si Uingereza hiyo hiyo?

Ni nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, ndani ya ufalme mmoja na Waingereza, yenye watu wapatao milioni 3. Watangazaji wa mpira huiita Wales, wenyeji huiita Cymru. Wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata chembe. Shikilia jambo moja tu: kwa muda mrefu nchi hii imesimuliwa na watu wa nje, na mwanamke wake akasimuliwa mara mbili, mara moja na hao wa nje na mara ya pili na wanaume wa kwao.

Mfarishi una nini cha ajabu? Si blanketi nzito tu?

Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipoinamia mmoja kwa karibu. Wa Welisi, wanaouita *cwilt*, mara nyingi ni wa rangi moja au mbili, nyekundu iliyoiva, samawati au nyeusi. Ukiwa mbali unaona kitambaa tupu. Sogea, ukae pembeni ili mwanga uupige kwa ubavu, ndipo unaona kwamba uso wote umejaa mabonde na vilima: duara kubwa katikati, mioyo, majani, na mizunguko kama gamba la konokono. Hakuna kilichochorwa kwa rangi. Kila umbo limetoka kwenye mshono, uzi umepita na kurudi katika matabaka matatu, kitambaa cha juu, sufu iliyochambuliwa katikati na kitambaa cha chini, na vivuli ndivyo vinavyochora picha. Sufu ya katikati wakati mwingine ilikuwa ile ya kuokota, iliyonaswa kwenye miiba kondoo walipopita.

Karne ya 19 kulikuwa na mafundi wanawake waliohama shamba hadi shamba. Fundi alifika na ujuzi wake, akafunguliwa fremu sebuleni, akalala na kula hapo wiki moja au mbili, akashona mfarishi wa binti anayekaribia kuolewa, akalipwa kidogo, akaondoka. Mfarishi ukabaki. Jina lake likaondoka naye.

Mwaka 1928, machimbo ya makaa ya mawe ya kusini yakiwa taabani na wanaume hawana kazi, chombo cha serikali cha kuendeleza viwanda vya vijijini kilianzisha mpango wa kuwalipa wake za wachimbaji washone mifarishi ya kuuzwa. Hoteli ya Claridge's ya London ilikuwa miongoni mwa wateja. Hebu fikiri: mama ambaye jiko lake halina makaa anashona mchana kutwa ili tajiri alale kwenye joto. Wasanii wanaoutumia mfarishi leo wanalijua hilo, na ndiyo sababu katika mikono yao mfarishi hauwi pambo la chumba.

Kwa hiyo ni kazi ya wanawake tupu?

Hapana, na hapa ndipo habari inaponoga. Mfarishi maarufu kuliko yote Welisi ulishonwa na mwanamume. James Williams alikuwa fundi cherehani wa mji wa Wrexham, na tangu 1842 hadi 1852 aliunganisha vipande 4,525 vya nguo za sufu kuwa mfarishi mmoja wenye Adamu akiwapa wanyama majina, safina ya Nuhu, Yona na nyangumi, daraja la Menai na treni ikipita juu ya daraja la mawe. Upo katika jumba la makumbusho la St Fagans, nje kidogo ya Cardiff. Ni kazi ya ajabu na simnyimi sifa zake. Lakini angalia: jina lake tunalijua, miaka yake tunaijua, hata vipande vimehesabiwa. Mifarishi mingine mingi iliyohifadhiwa Welisi, nani ameishona? Mara nyingi kadi inataja wilaya na makadirio ya mwaka, basi.

Vijiko vya mapenzi navyo, *llwyau caru*, vilichongwa na vijana wa kiume kwa ajili ya wasichana. Kimoja kilichopo St Fagans kina tarehe ya 1667. Kijana alichonga kwa kipande kimoja cha mti moyo, mnyororo, tundu la ufunguo, na vigololo vinavyocheza ndani ya kizimba bila gundi wala kiungo. Wapo wanaosema ni ushairi wa mti. Sikatai, ila msichana anapewa kijiko, na sote tunajua kijiko ni cha kazi gani.

Yule mama wa kofia ndefu nyeusi kwenye kadi za posta ni nani?

Huyu ndiye mgomvi mkuu wa sanaa hii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mavazi yenyewe ni ya kweli. Wanawake wa vijijini walivaa sketi na koti la sufu ya nyumbani, aproni, shali, na baadaye kofia ndefu kama ya kiume. Mwaka 1834, katika Eisteddfod, tamasha la mashindano ya ushairi na muziki, lililofanyika Cardiff, bibi mmoja wa tabaka la juu, Augusta Hall, ambaye baadaye alijulikana kama Lady Llanover, alishinda tuzo kwa insha iliyohimiza lugha ya Kiwelisi na mavazi hayo yatunzwe. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyeyabuni. Si kweli, aliyakuta. Alichofanya ni kuyapandisha cheo: nguo ya shamba ikawa nguo ya taifa, na watumishi wa nyumbani kwake wakavalishwa hivyo. Alikuwa pia akitetea sufu ya wenyeji dhidi ya pamba ya viwandani, jambo ambalo watu husahau.

Kisha ukaja mwaka 1847. Makamishna watatu Waingereza, wasiojua neno la Kiwelisi, walitoa ripoti ya serikali kuhusu shule za Welisi, na humo wakaandika kwamba wanawake wa nchi hiyo ni wachafu wa tabia. Waliokuja kuhesabu madawati wakahesabu na uchumba wa watu! Nchi nzima ilichomwa. Jibu la viongozi wa makanisa na waandishi lilikuwa kumjenga mwanamke mwingine asiye na doa: mcha Mungu, msafi, mpole, mama wa nyumbani. Mwaka 1850 lilianzishwa jarida la wanawake, *Y Gymraes*, na mwanzilishi wake alikuwa mwanamume. Tusi lilitoka kwa wanaume, na utetezi ukatoka kwa wanaume. Mwanamke mwenyewe alikuwa anafua.

Picha iliyofunga kazi ni *Salem* ya mwaka 1908, iliyochorwa na Mwingereza Sydney Curnow Vosper. Bibi Siân Owen anaingia kanisani, kofia kichwani, shali la mapambo begani. Mfanyabiashara wa sabuni ya Sunlight aliinunua, nakala zake zikawa zawadi kwa wateja, na picha ikaingia nyumba nyingi za Welisi. Kofia ilikuwa ya kuazima. Na katika mikunjo ya shali watu wakaona uso wa shetani, kana kwamba bibi anaadhibiwa kwa kujipamba siku ya Bwana. Vosper alikana kumchora shetani. Mimi nimeitazama sana: jicho na ndevu unaziona ukishaambiwa. Kinachonishangaza ni mwanamke wa miaka zaidi ya 70 kuvaa shali zuri, na taifa zima likaanza kumtafuta shetani begani mwake.

Wasanii wa leo wanamfanya nini mama huyo?

Wanamwondoa kwenye kadi. Seren Morgan Jones, mzaliwa wa Aberystwyth, huchora wanawake wa kofia na shali ambao hawatabasamu wala hawainami; wanakutazama moja kwa moja, na ni wewe unayeshusha macho. Laura Ford, mchongaji aliyezaliwa Cardiff mwaka 1961 na mmoja wa walioiwakilisha Welisi kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2005, ana sanamu iitwayo *Glory, Glory (Hat and Horns)*, yaani kofia na pembe. Viumbe vyake mara nyingi ni nusu mtoto nusu mnyama, na nguo zao zimekuwa ngozi yao. Kila tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu Daudi, wasichana wa shule huvalishwa kofia na shali wapigwe picha. Ukishaona sanamu za Ford, zile picha za shule hazikai tena kichwani kama mwanzo.

Nimesikia kuna msanii anayetumia nywele. Ni kweli?

Ni kweli. Anya Paintsil alizaliwa Wrexham mwaka 1993, ndiyo, mji ule ule wa fundi James Williams, akakulia kijiji cha Glyn Ceiriog kaskazini mwa Welisi. Ana asili ya Welisi na ya Ghana. Alipokuwa mtoto alijifunza kwa bibi yake wa Kiwelisi kutengeneza zulia kwa kulabu. Upande wa Ghana ni Wafante, watu wenye bendera za Asafo, zile za vikosi vya kale, zilizojaa watu na wanyama waliokatwa kwa kitambaa na kushonewa juu yake. Kazi zake zinakaa papo hapo zinapokutana mila hizo mbili.

Zulia la matambara, *mat racs*, lilikuwa kitu cha maskini. Nguo ikichakaa hadi haifai hata kiraka, inakatwa vipande vyembamba, inavutwa kwa kulabu kupitia tundu za gunia, na inatandikwa mbele ya moto watu waikanyage. Paintsil analitoa chini na kulitundika ukutani, na juu yake kuna nyuso: macho makubwa, meno, wanawake na watoto weusi wa familia yake. Kichwani kuna nywele hasa. Za bandia, zile rasta za dukani, na mara nyingine zake mwenyewe. Zimesukwa kweli, zinatokeza nje ya ukuta. Majina mengi ya kazi hizo ni ya Kiwelisi, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyokua nayo.

Aliyewahi kukaa kwenye stuli ya msusi saa tano, shingo imekakamaa, haelezwi kwa nini hii ni kazi ya mikono. Kusuka nywele na kuvuta matambara kwenye gunia ni mambo mawili yanayofanywa na wanawake, kwa subira ile ile, huku maongezi yakiendelea, na yote mawili hakuna aliyeyaita sanaa. Kuyaweka kwenye kitambaa kimoja ni hoja kamili, na haikuhitaji maandishi ubavuni. Kwangu mimi huyu ndiye wa kuanza naye.

Na waya unaingiaje kwenye darizi?

Julia Griffiths Jones, anayeishi Llanybri huko Carmarthenshire, alisomea vitambaa, akasafiri sana Ulaya ya Mashariki, hasa Slovakia, akichora darizi za wanawake wa vijijini. Kisha akaanza kuzifanya kwa waya: aproni, blauzi, vizibao, vyote vya waya uliokunjwa, vinaning'inia na vivuli vyao vinaanguka ukutani nyuma. Ni nguo isiyovalika. Unaona mshono wote, lakini kitambaa hakipo na aliyeivaa hayupo. Mwenye kutaka kuelewa suala la majina yaliyopotea bila kusoma kitabu, aitazame aproni ya waya.

Mary Lloyd Jones, mchoraji wa mandhari aliyezaliwa mwaka 1934, naye aliwahi kuiacha turubai iliyokazwa kwenye fremu akafanya kazi kwa vitambaa vilivyotiwa rangi na kushonwa, akisema na ufundi wa mifarishi wa kwao. Milima yake mpaka leo ina viraka.

Hii ni siasa au ni ushonaji?

Welisi haikuwahi kuvitenganisha. Kuanzia 1839 hadi 1843 wakulima wanaume walivunja vizuizi vya kutozea ushuru barabarani wakiwa wamevaa nguo za wanawake, wakijiita Rebeka na binti zake. Simulizi za huko husema kiongozi wa kwanza, Thomas Rees, alikuwa pande la mtu, ikabidi atafutwe mwanamke mkubwa wa kumwazima gauni.

Tarehe 27 Agosti 1981 wanawake 36 waliondoka Cardiff kwa miguu, na wanaume wachache na watoto, kwenda kambi ya kijeshi ya Greenham Common kusini mwa Uingereza kupinga makombora ya nyuklia. Kambi ya wanawake iliyozaliwa hapo ilidumu miaka mingi. Uzio wa jeshi ulitundikwa nguo za watoto, picha za familia na vitambaa vya darizi. Walifuma utando wa nyuzi za sufu, wakajizungusha humo, askari wakabaki wanahangaika kuutoa. Thalia Campbell, mmoja wa walioandamana, alishona mabango ya kitambaa ambayo baadhi yake sasa yako katika makumbusho.

Kuna upande mchungu wa sufu hiyo?

Upo. Katika karne za 17 na 18 kitambaa kigumu cha sufu kilichosokotwa na kufumwa katika nyumba za wakulima wa Welisi ya kati kilipitia kwa wafanyabiashara wa Shrewsbury, kikaishia Karibiani na Amerika kuwavisha watumwa mashambani. Waliosokota walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake na watoto, maskini wenyewe, na wengi yamkini hawakujua nguo inakwenda wapi. Sipendi maonyesho yanayoisifu sufu ya Welisi kwa ukurasa mzima kisha yakaruka hapa.

Mbona waiite sanaa? Ni ufundi tu.

Kitenganishi hicho ni majengo. Nchini Welisi, kwa muda mrefu mchoro wa mafuta ulikwenda jumba la taifa katikati ya Cardiff, na mfarishi ukaenda St Fagans pamoja na majembe na mikokoteni. Taasisi ni moja, milango ni miwili, na unaweza kubashiri mlango gani wanawake waliingilia.

Naweza kuziona wapi?

St Fagans kwa mifarishi na vijiko, hakuna kiingilio. Makumbusho ya sufu yako Dre-fach Felindre, na mashine bado zinaunguruma. Kwa kazi mpya, kituo cha ufundi cha Ruthin kaskazini. *Salem* iko Port Sunlight, ng'ambo ya mpaka, karibu na Liverpool. Aliye mbali aingie kwenye katalogi ya mtandaoni ya Amgueddfa Cymru, makumbusho ya taifa, aandike neno *cwilt*, avute picha mpaka aone mshono.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nianze na nini?

Anza na zulia la matambara, mfarishi utakukatisha tamaa. Tafuta gunia la kahawa, lile la nyuzi zenye matundu, si la plastiki. Likaze kwenye fremu ya mbao hadi lilie kama ngoma. Kata fulana kuukuu vipande vya upana wa sentimita 2. Shika kipande kwa mkono wa chini ya gunia, ingiza kulabu kutoka juu, vuta kijitanzi kitokeze kama sentimita moja, ruka tundu moja au mawili, vuta kingine. Usifunge fundo. Vitanzi vikibanana vinashikana vyenyewe, na hilo ndilo watu hawaamini mpaka waone. Ukikosea, vuta kipande kwa chini, kinatoka chote. Kichwa cha mtu ni rahisi kuliko ua, usiniulize kwa nini.

Pembeni shona jina lako na mwaka kabla hujakunja ukingo, maana baada ya hapo hutapata nafasi. Zulia usiliroweke, lifute tu. Ukiliweka, lizungushe vitanzi vikiwa upande wa nje, na usilikunje kama shuka, gunia hukatikia kwenye mkunjo.